Kabureta ya Mzee Hoza

Fundi Mbwana alizikwa Moa siku ya Ijumaa, na mimi nikapata habari Jumapili, ndiyo kwanza natoka kanisani. Aliyenipigia simu ni mpwa wake, kijana wa zamani ambaye sasa ana mvi, na ambaye hanikumbuki mpaka akwame. Aliniuliza kwanza kama najua atapata wapi floti ya kabureta ya pikipiki. Nikamwelekeza duka. Akashukuru, akaulizia afya yangu, akaulizia mvua, halafu akasema, "Na yule mzee wetu katutoka, dada Yustina. Tumeshamsitiri." Nilimfokea palepale mbele ya waumini wenzangu. Nilimwambia msiba hautajwi baada ya floti, na kwamba angekuwa karibu ningemzaba kibao. Aliniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Wewe dada hujabadilika." Nikatafuta benchi la kukalia.

Majuma machache kabla ya simu hiyo, chuo nilichofundisha ufundi wa magari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu kilikuwa kimeniaga. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na spika kubwa kuliko ukumbi, na kulikuwa na mshereheshaji aliyekuwa akitafuta kisa cha kuchangamsha watu. Akakipata. Alisimulia jinsi binti mbichi aliyetoka darasani alivyomnyamazisha fundi mkongwe wa Usagara, pale Tanga, mbele ya wateja wake kwa sentensi moja, na alipofika kwenye sentensi yenyewe akanyamaza, akaelekeza kipaza sauti kwa watu, na ukumbi mzima ukaitamka kwa pamoja. Waliijua. Hata wale ambao hawajawahi kuiona kabureta waliijua. Nami nilicheka nao, maana mtu huwezi kununa kwenye sherehe yako mwenyewe. Nikapunga mkono, nikakata keki. Wakati huo Fundi Mbwana alikuwa bado hai, huko Moa karibu na mpaka, na mimi sikuwa nimekwenda kumwona tangu nilipokuwa msichana. Kila mwaka nilisema nitakwenda. Barabara ilipokuwa mbovu nilisingizia barabara, na ilipotengenezwa nikasingizia kazi.

Basi nilikwenda Moa kuhani, na sitajifanya kwamba nilikwenda kwa ajili ya marehemu peke yake. Nilikwenda na swali. Nilitaka mkewe aniambie kama mume wake aliingia kaburini akiwa na kinyongo nami. Njia nzima nilikuwa nikilipanga swali hilo upya, mara liwe la upole, mara liwe la mkato, na hakuna namna hata moja iliyonipendeza.

Mwaka wa sentensi ile nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ya kwetu Pongwe hayana nafasi hapa. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ufundi, msichana peke yangu darasani, na kila gereji niliyopeleka cheti changu walikitazama cheti, wakanitazama mimi, wakaniambia nirudi Jumatatu. Fundi Mbwana hakukitazama cheti. Alinipa kabureta chafu na bakuli la petroli akaenda kula. Aliporudi nilikuwa nimeifungua yote na kuipanga juu ya gunia, kila kipande mahali pake. Akazunguka gunia lile mikono nyuma, akaniuliza nalala wapi. Nikamwambia bado sina pa kulala. Akaita ndani, "Mwanamkuu! Chumba cha uani kina nini?" Sauti ya mwanamke ikajibu kwamba kina nazi na kuku anayeatamia. "Mhamishe kuku," akasema Fundi.

Chumba hicho nakikumbuka kuliko nyumba niliyojenga mwenyewe. Kuta hazikufika darini, kama zilivyo nyumba nyingi za pale, kwa hiyo moshi wa jikoni kwa Bi Mwanamkuu uliingia bila hodi, na maneno vilevile. Mchana baada ya kula, Fundi alipojinyoosha kwenye kitanda chake cha kamba, nilikuwa nikisikia kila kitu. Nilisikia bei ya samaki, nilisikia habari za ndugu wa Moa wanaogombea minazi, na siku moja nilisikia habari zangu. "Yule mtoto ana mkono," alisema Fundi. "Ana mdomo pia," akajibu mkewe. "Mdomo utakua," akasema Fundi, wakacheka wote wawili. Nililala pale kwenye mkeka nimejibana nisisikike, nikiwa na raha ambayo sikuwahi kuipata kwa cheti chochote. Asubuhi tulikula mbaazi za nazi na maandazi, mchana bada, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, na Bi Mwanamkuu alinitilia mimi sehemu sawa na mumewe kwa sababu, alisema, wote wawili tunanuka petroli.

Wateja ndio waliokuwa kazi. Wa kwanza kuniona nimeinamia injini alimvuta Fundi kando, wala hakujishughulisha kupunguza sauti. "Fundi, na huyu naye?" Fundi akamjibu kwa sauti ileile. "Huyu ni fundi mwenzangu. Gari litakaloguswa na mimi litaguswa na yeye. Usipotaka, gereji ziko nyingi." Mtu yule aliondoka na gari lake, na haikuwa mara ya mwisho. Nilikuwa sijui wakati ule kwamba mtu anapokukingia kifua hivyo anatoa kitu chake. Nilidhani ndivyo inavyostahili, basi.

Sasa lazima niieleze kahawa ya injini, kwa sababu bila hiyo haya mengine hayana maana. Gereji ya Fundi Mbwana ilijulikana Tanga nzima kwa kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Gari lililokataa kushika silensa, yaani lililozimika kila ukiondoa mguu kwenye mafuta, lililetwa kwake. Ukutani alitundika kabureta kuukuu za kila taifa kwenye misumari, Kifaransa, Kijapani, Kiitalia, na alichagua ya kukufaa kama mshonaji anavyochagua kitambaa. Akishaifunga, alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, anafumba macho, mkono wa pili ukizungusha skrubu robo, nusu, robo. Watu walisimama kutazama. Muuza kahawa alijua saa yenyewe, alikuja akigonga vikombe vyake. Fundi alichukua kikombe kimoja, kikajazwa hadi ukingoni, akakiweka juu ya kifuniko cha chujio la hewa huku injini inanguruma. Kahawa isipomwagika hata tone, mwenye gari aliinywa, watu wakasema mashallah, na kazi ikawa imekwisha. Ikimwagika, Fundi aliinywa mwenyewe na kuanza upya. Hakukuwa na risiti wala dhamana nyingine. Mimi mwenyewe niliwahi kuona mtu mzito wa serikali akitoka garini na suti yake kuja kunywa kikombe kile kwa mikono miwili.

Mzee Hoza alikuja baada ya mvua za masika. Alikuwa mkulima kutoka milimani, juu ya Soni, Mlutheri wa suruali iliyopigwa pasi hata akiwa amebeba kabichi, na gari lake lilikuwa la Kifaransa lenye safu tatu za viti, limechoka lakini linatunzwa. Aliteremka nalo na mboga na mapeasi, akapanda nalo na nazi, chumvi, papa wakavu na abiria. Kabureta yake ilikuwa imelika pale ekseli ya kilango cha hewa inapopita, ikawa inavuta hewa pembeni, na injini inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Fundi aliweka mambo matatu juu ya gunia. La kwanza, kuichonga kabureta ileile na kuivalisha shaba pale palipolika. La pili, Kijapani ndogo iliyotoka kwenye pikapu. La tatu, Kiitalia kubwa ya koo mbili iliyotoka kwenye gari lililopinduka, nzuri, inang'aa, na Fundi alikuwa ameitunza muda mrefu akisubiri injini ya kuistahili. Niliona macho yake yalivyokuwa yakirudi pale kwenye ile kubwa.

Nilimwambia. Hilo nalisema si kwa kujitetea, ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tunanawa mikono kwa chakula cha mchana nikamwambia, "Fundi, kule juu hewa ni nyepesi. Hii ya koo mbili jeti zake zina matundu makubwa, itamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Huku chini itaimba, kule itasongwa." Fundi aliendelea kujisugua kucha. "Hewa ni hewa, mwanangu," akasema. Halafu, baada ya tonge kadhaa, "Injini ni kubwa. Mzigo ni mkubwa. Hiyo ndogo itaweza?" Lilikuwa swali la haki, na mimi nilikuwa na jibu, lakini Bi Mwanamkuu alileta samaki wakati huo tukaanza kuzungumzia samaki. Fundi alifunga ile kubwa. Injini ikaimba kweli. Kikombe kilikaa juu yake kama kimegandishwa, Mzee Hoza akainywa kahawa yake, akaondoka na abiria wamejaa.

Alirudi. Alisema kwa heshima zake kwamba gari limepita Muheza vizuri, limepita Korogwe vizuri, limefika Mombo kama jipya, na walipoanza kona za kupandia Soni likaanza kutoa moshi mweusi, likapungua nguvu, likafa. Walisukuma. Walilala njiani. Fundi alizitoa plagi, zilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu, akazisafisha, akapunguza skrubu, akaweka bisibisi sikioni, kikombe kikawekwa, kahawa haikumwagika. Mzee Hoza akanywa tena. Nilimtazama Fundi, naye alinitazama, na nilijua anajua ninachofikiri. Kosa lile lisingeweza kufanywa na fundi wa Arusha wala wa Mbeya. Lilikuwa kosa la sisi tuliozaliwa usawa wa bahari, tunaosikiliza gari limesimama kivulini na kudhani tumelisikia lote.

Mara ya tatu Mzee Hoza alikuja na mkewe. Mama Hoza alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, amelala barabarani mvua ikimnyeshea, juu ya magunia ya nazi, na hakuwa na heshima za mumewe. Alikaa kwenye kigogo karibu na mlango wa gereji, kila aliyepita akamsimulia. Ilipofika saa ya kahawa, pale mbele kulikuwa na umati ambao sijawahi kuuona. Fundi alifanya yote aliyoyafanya siku zote. Nilishangaa, kisha nikakasirika. Nilimwona anainama na bisibisi yake, amefumba macho, na mimi nimesimama na spana mkononi najua kabisa tatizo liko wapi, nikahisi kama ananidharau mimi na hesabu zangu zote. Muuza kahawa akajaza kikombe. Fundi akakiweka. Hakikutikisika. Akamgeukia Mzee Hoza, na Mama Hoza akasema kutoka kwenye kigogo, "Fundi, kahawa tumekunywa ya kutosha. Sisi tunataka kufika nyumbani."

Watu waliguna. Kisha wakamgeukia mzee wote, kumpa nafasi ya kusema neno. Nafasi hiyo nikaichukua mimi. Nikasema, kwa sauti yangu ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti, "Kwani Fundi, huko kwenye kona za Soni, nani atalishikia kikombe?"

Mama Hoza ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wakacheka wote. Walicheka mpaka muuza kahawa akaliweka birika chini. Kulikuwa na mtu aliyejishika kwenye boneti asianguke, na mimi, sitasahau, nilifurahi. Nilisikia joto zuri kifuani. Nilikuwa nimechekesha wanaume wote wale ambao miezi michache nyuma walikuwa wakiuliza "na huyu naye?" Nilipomtazama Fundi alikuwa amekiinua kikombe na anatafuta mahali pa kukiweka. Hapakuwa na mahali. Basi akainywa ile kahawa yeye mwenyewe, taratibu, hadi mwisho, na kila aliyesimama pale alijua maana ya Fundi kunywa. Akamrudishia muuza kahawa kikombe chake. Akanigeukia akasema, "Haya, binti. Tufanyeje?"

Nikamwambia. Nilitoa amri kama nahodha. Itolewe hii, ichongwe ile ya zamani, ivalishwe shaba, itafutwe jeti yenye tundu dogo. Fundi akasema, "Sawa," akaingia stoo. Alitoka na kifurushi cha kitambaa safi, akanipa. Ndani yake kulikuwa na kabureta ya Mzee Hoza, ileile ya zamani, imeoshwa, imevalishwa shaba pale palipolika, kazi ya mkono wake ambayo huwezi kuikosea, na pembeni, imefungwa kwa uzi, jeti ndogo kuliko ya mwanzo. Shaba ilikuwa imeshaanza kupoteza ule mng'ao wa kukatwa, kwa hiyo haikuwa kazi ya asubuhi ile. Alikuwa amenisikia siku ile ya samaki. Alikuwa ameifikiria, ameitengeneza, ameiweka tayari, na ninavyomjua angesubiri umati uondoke, amwambie Mzee Hoza arudi jioni, aifunge bila maneno. Alikuwa anatafuta namna ya kushuka bila kuanguka. Ningengoja kidogo tu. Ningengoja kahawa ipoe.

Nilisema. Nilisema, "Fundi alikuwa ameshaitengeneza." Lakini nilisema kwa sauti ndogo, na sauti yangu mimi haijawahi kuwa ndogo siku nyingine yoyote. Hakuna aliyesikia. Gari lilipanda Soni bila kusita, na safari iliyofuata Mzee Hoza alileta kapu la mapeasi, akampita Fundi aliyekuwa amesimama mlangoni, akaniwekea mimi mikononi. Nikalipokea. Bi Mwanamkuu aliyakata, tukayala sote watatu, na Fundi akasema ni matamu.

Sentensi yangu ilitembea haraka kuliko gari lolote. Usagara ikawa ndiyo salamu. Mtu akijisifu barazani, mwenzake anamuuliza nani atalishikia kikombe. Mgombea akiahidi maji, watu wanamuuliza nani atalishikia kikombe. Na Fundi akipita kwenda msikitini kulikuwa na watu wazima, si watoto, walioinua mkono mtupu kama wameshika kikombe na kumwonyesha. Aliwaitikia salamu zao. Muuza kahawa aliendelea kuja saa ileile siku kadhaa, akigonga vikombe, Fundi akawa anamwambia leo hapana, mpaka akabadili njia. Silensa sasa tulizirekebisha tu, mwenye gari anawasha, anasikiliza, anaondoka.

Kilichonichanganya ni kwamba Fundi hakunikasirikia. Ningejua la kufanya na hasira. Nyumbani kwetu tulilelewa nayo. Badala yake akaanza kuniuliza. Gari likija, kabla hajaligusa, mbele ya mwenyewe, alikuwa akisema, "Hebu njoo, binti. Hili tulifanyeje?" Aliniuliza mambo ya kabureta, nikaona sawa. Kisha akaniuliza mambo ya breki. Akaniuliza skrubu ipi ikazwe kwanza, mtu ambaye alikuwa anakaza skrubu hizo kabla sijazaliwa. Nilimchungulia usoni kutafuta kejeli, sikuiona. Alisubiri jibu kwa makini, akitikisa kichwa. Na mimi nilijibu. Kila mara nilijibu. Sikumwambia hata siku moja, "Fundi, hili unalijua." Nilijiambia amekubali usomi, kwamba ni mtu mkubwa wa roho ambaye haoni haya kujifunza kwa msichana, na baadaye, nilipokuwa mwalimu, niliwasimulia wanafunzi wangu hivyo, kila mwaka mpya wa masomo, kama mfano wa unyenyekevu. Wengine waliuandika. Mchana, ng'ambo ya ukuta, mazungumzo yalipungua. Nilidhani ni joto.

Mwisho wa mwaka Bi Mwanamkuu akaniambia, akiwa anachekecha unga, kwamba wanahamia Moa kwenye minazi ya kwao, kwamba gereji itabaki kwa mpwa wa Fundi, na kwamba mimi nikitaka kubaki na chumba, chumba ni changu. Nilibaki nacho miezi michache hadi chuo kiliponiita kufundisha. Siku ya kuondoka Fundi aliniachia bisibisi zake zote, akasema Moa hakuna injini za maana. Nilimshukuru. Nilidhani nimerithishwa.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo nilipofika Moa majuma haya yaliyopita. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa ukumbini kwenye jamvi, kanga ya eda kichwani, amepungua mno, lakini alinijua kabla sijavua viatu. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Umekuja na mdomo wako?" Wanawake waliokuwa naye wakacheka kidogo, akawaambia huyu ndiye yule, nao wakasema aa, wakanitazama upya. Nikampa pole. Akasema wamekwisha kupoa, Mungu ndiye mpangaji. Akaniambia Fundi hakuugua sana. Akaniambia pia kwamba alirudia kazi uzeeni, pikipiki za bodaboda zilipojaa, maana nazo zina kabureta, na vijana walikuwa wakimfuata mpaka uani. "Lakini alikuwa na masharti," alisema. "Mtu aache pikipiki, aondoke. Arudi baadaye. Ukisimama kumtazama, haifungui. Vijana walidhani ana dawa." Wanawake wakasema kweli, ndivyo alivyokuwa. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu.

Tulipobaki wawili nikauliza. Nilikuwa nimelipanga swali njia nzima, likatoka vibaya vilevile. "Mama, Fundi alinisamehe?"

"Akusamehe nini?"

"Yale maneno. Ya Mzee Hoza. Ya kikombe."

Bi Mwanamkuu alifikiri, kama mtu anayetafuta kitu kwenye sanduku alilolifunga zamani. "Hakuwa na kinyongo nawe, mwanangu, wallahi. Kinyongo Mbwana hakukijua. Siku ile alirudi akala, akalala. Yeye alikuwa akikuogopa tu."

Nikamuuliza anasema nini.

"Alikuwa akikuogopa. Asubuhi, anafunga msuli, ananiambia, Mwanamkuu, leo nikikosea mbele ya yule mtoto itakuwaje? Nikamwambia mfukuze. Akasema nimfukuzeje, kosa lake nini, alisema kweli. Ndipo akapata ile hila yake ya kukuuliza. Akasema, bora nimuulize mimi kwanza kabla hajanisema." Akanyoosha kanga magotini. Hakuyasema kwa uchungu. Aliyasema kama mtu anayetaja maradhi ya zamani ya marehemu, yale ambayo familia imeshayazoea. "Akaona haitoshi. Akawa usiku chakula hakimpiti, akijua kutapambazuka. Ndiyo maana nikamleta huku kwetu."

Niliinamisha uso nikapanga jibu. Bi Mwanamkuu aliningoja kwa adabu, mikono juu ya magoti, na nilipoinua uso kumjibu niliona amejiweka sawa kidogo kwenye jamvi, amerudi nyuma, macho yake kwenye mdomo wangu.